Mistari Sita Nyuma ya Jiko

Siku ya kugawa vitu vya marehemu baba mkwe wangu, mwezi uliopita, hapakuwa na ugomvi. Mume wangu Lusajo alipewa koti la mvua na panga. Wajukuu waliivuta redio huku na huku, kisha wakakubaliana ibaki sebuleni ilikozoea. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria za matanga kwa majivu. Sikutegemea kitu na sikuwa na kinyongo. Ndipo wifi yangu Bupe akaingia, akaushika mkono wangu wenye majivu, akaniwekea kitu kiganjani na kukifunika kwa vidole vyangu mwenyewe. "Kilikuwa kwenye kasha la miwani yake," akasema. "Nadhani mwenye nacho ni wewe." Nikafumbua mkono. Kilikuwa kijiko cheusi cha plastiki, kifupi kama kidole gumba, cha kupimia kahawa. Niliwahi kukitafuta wiki nzima, nikahamisha magunia, nikainua mafiga, mwisho nikawasingizia panya. Bupe aliniangalia akacheka, nami nikacheka, kisha tukakaa kwenye vigoda vilevile tulivyokuwa tukikalia mwaka ule, na sufuria zikasubiri.

Mwaka ule ndio ninaotaka kuueleza, lakini kwanza kuna jambo ambalo vijana wa Tukuyu wa leo hulisikia kama hadithi. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Si woga wa kupigwa. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mwanamke hupisha na kugeukia migombani mpaka mzee apite, na jina lake halitamki. Wengi wameiacha desturi hiyo, na wala siwalaumu. Baba hakuiacha. Hakuwa mkali, alilelewa hivyo, akamwona mama yake akiishi hivyo, akaona ni sehemu ya nyumba kama paa. Kwa hiyo nilimjua kwa kikohozi chake, kwa vishindo vya buti zake za mpira, na kwa mgongo wake ukishuka kuelekea shambani. Hata ukurasa huu naandika bila kulitaja jina lake. Kalamu inakataa, nami siilazimishi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye mgahawa mdogo wa kahawa Mbeya mjini, nikisimama nyuma ya mashine ya umeme iliyonguruma kama lori linalopanda mlima. Nilipoaga kwenda kuolewa, wenzangu walinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua: mashine ya espreso ya kushika mkononi, ukubwa wa tochi ya betri tatu, isiyotaka umeme hata kidogo. Kwa asiyeijua, espreso ni kahawa kidogo, nzito, inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu yapite kwenye kahawa iliyosagwa na kushindiliwa. Mashine kubwa husukuma kwa umeme. Hii yangu ilisukuma kwa mkono. Upande mmoja unatia maji yaliyotoka kuchemka, upande wa pili kuna kichujio kipana kama kifuniko cha chupa ambacho unakijaza kahawa, na ubavuni kuna kitufe kirefu unachokibonyeza na kukiachia, kukibonyeza na kukiachia. Siku niliyoifungua mbele ya Bupe, aliigeuzageuza akaniuliza, "Wifi, umekuja na pampu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe iko wapi?" Tangu siku hiyo jina lake nyumbani likawa pampu.

Nyumbani kwa Baba ni Mpuguso, kijiji jirani na mji wa Tukuyu. Lusajo alikuwa amepata kazi ya ufundi kwenye ujenzi wa barabara huko Katavi, akaniacha kwa baba yake mpaka atakapopata pa kutuweka. Mama mkwe alikwishafariki zamani. Tulikuwa watatu tu: Baba kwenye nyumba kubwa, mimi na Bupe kwenye vyumba viwili vya uani. Bupe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameachana na mumewe, na ulimi wake haukuwa na breki. Jiko lilikuwa jengo la peke yake, la matofali ya kuchoma yasiyopakwa lipu, na nyuma ya ukuta wake palikuwa na banda ambamo Baba alimenyea kahawa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ukutani, kati ya jiko na banda, palikuwa na tundu la matofali mawili lililoachwa ili moshi upumue. Nje, kati ya uwanja wangu na uwanja wake, kulikuwa na ukuta mfupi unaofika kiunoni. Juu ya ukuta huo ndipo chakula chake kilipowekwa: ndizi zilizopikwa na maharage, magimbi, maziwa ya mgando, na chai ya rangi iliyojaa sukari. Niliweka, nikagonga sahani kwa kijiko, nikarudi ndani. Akija alikohoa. Akimaliza alirudisha sahani palepale, na kama chakula kilimpendeza aliigeuza chini juu. Nilijifunza kusoma sahani kabla sijajifunza kumsoma mtu.

Nyuma ya jiko, katikati ya migomba, ilikuwepo mistari sita ya mibuni. Shamba kubwa la kahawa lilikuwa bondeni, kwenye jua, lakini mistari hii sita ilikaa kivulini ikaiva taratibu, ya mwisho kuliko yote. Niliipenda tangu wiki ya kwanza. Nilidhani najua kukaanga kahawa, nilijua kuipika, nilijua watu wa nyumba za wageni pale mjini wangeitaka. Niliona kwamba hapo, nikiwa na kikaango na ile pampu, ningeweza kuwa na kazi yangu mwenyewe kwenye nyumba ambayo sikuwa na changu chochote isipokuwa sanduku. Nilikuwa na wiki tatu tu pale nilipomsikia Baba, kupitia tundu la ukuta, akimwambia Bupe: "Mwaka huu ndio wa mwisho. Nikishavuna, nang'oa yote. Kaka yako ataleta miche ya parachichi, mvua za Novemba naipanda." Bupe akauliza, "Yote, Baba? Hata ya huku nyuma?" Akajibu, "Yote. Parachichi linakusubiri. Kahawa haisubiri mtu, na magoti yangu yamechoka kuikimbilia."

Sikuwa na pa kupeleka shauri langu. Lusajo ndiye aliyekuwa na hamu ya parachichi kuliko baba yake. Kila akipiga simu alizungumzia malori ya wanunuzi. Kumwendea Baba sikuweza. Bibi harusi kuomba ardhi ya baba mkwe, tena kwa mdomo wa mtu mwingine, lingekuwa jambo la kusimuliwa hadi kijiji cha Matwebe. Nikamwambia Bupe tukimenya ndizi. Aliendelea kumenya, kisha akasema, "Usimwombe. Mwonjeshe. Huyu mzee amelima kahawa tangu sijazaliwa, na sijawahi kumwona akiinywa. Anakunywa chai kama sisi sote." Ilikuwa kweli. Kilima kizima kile kililima kahawa na kunywa chai. Kahawa ilikuwa kitu cha kupakia kwenye gunia na kukisindikiza kwa macho.

Nikaanza, na nilianza vibaya. Mgahawani kahawa ilinijia tayari imekaangwa kwenye mifuko, na mashine ya kusaga ilikuwa pembeni yangu. Hapa nilichukua kahawa iliyokuwa darini juu ya moshi wa jiko, ambako Bupe aliiweka pamoja na mbegu za mahindi ili isipate wadudu. Nikaikaanga kama tunavyokaanga karanga, mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta. Kisha nikaipeleka mashineni, kule tunakosaga mahindi. Kijana wa mashine aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika. Ikatoka laini kama sembe, ikinukia dona, na nusu yake ikabaki ndani ya mashine. Aliyenifuata kwenye foleni alikuwa jirani yetu Mama Tumpale, na debe lake la mahindi. Asubuhi alikuja mpaka uwanjani, mikono kiunoni. "Bi harusi, umetufanyia nini? Ugali umekuwa wa rangi ya udongo. Watoto wamekula, halafu wameimba mapambio mpaka jogoo akawajibu." Bupe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliomba radhi, nikampa mkungu wa ndizi, na kwa miezi kadhaa kila nilipopita pale mashineni watu waliniuliza kama leo nasaga ugali au nasaga usingizi.

Kahawa ile ilipoingia kwenye pampu haikutoka. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Yakaja matone matatu meusi, kisha sita, kisha ikapasuka pembeni na kunirushia usoni. Nilichopata nilikimimina kwenye bilauri ndogo ya kioo, nikaifunika kwa kisosi, nikaiweka ukutani, nikagonga. Kikohozi kilikuja. Halafu nikamsikia akimwita Bupe, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama anayezungumzia msiba wa mtu wa mbali. "Mwambie mwenye dawa kwamba mgonjwa amepona. Asihangaike tena." Bilauri ilirudi imejaa, imepungua tama moja tu.

Ningeweza kuacha hapo. Ninachowaambia wanaokuja kwangu siku hizi kujifunza, wakikata tamaa baada ya kikombe cha kwanza, ni kwamba kahawa mbaya si hukumu, ni maelezo. Inakuambia kosa liko wapi ukiisikiliza. Ile yangu ilinukia moshi, basi kosa la kwanza lilikuwa darini. Ilikuwa chungu kama mkaa, basi kosa la pili lilikuwa kwenye kikaango. Maji yalikataa kupita, basi kosa la tatu lilikuwa kwenye kusaga. Nikayachukua moja moja. Nilijifunza kukaanga kwa moto mdogo, nikikoroga bila kusimama, nikisikiliza punje zinavyolia kama bisi, na kuepua zikiwa na rangi ya ganda la njugu. Kusaga nilirudi kwenye kinu: natwanga kidogo, nachekecha kwa kichujio cha chai, kinachobaki narudisha kinuni. Ikiwa laini kama sembe, maji hayapiti. Ikiwa chenga kama mchele mbovu, maji yanakimbia na kukuachia rangi bila ladha. Nilitaka katikati, kama chumvi ya mezani. Kwenye kichujio nilitia kijiko kimoja, nikakisawazisha kwa kisu, nikashindilia kwa kidole gumba. Kwanza nilipasha pampu yenyewe kwa maji ya moto, kwa sababu baridi ya Tukuyu mwezi wa Juni hunywa joto la kikombe kabla yako. Kisha nikabonyeza taratibu mara chache ili kahawa ilowane, nikasubiri kwa muda wa kuvuta pumzi tano, ndipo nikasukuma kwa mwendo mmoja. Siku ilipotoka nyembamba na nzito kama asali, na povu la rangi ya udongo juu yake, nilimwita Bupe shambani kwa sauti kama nyumba inaungua.

Kilichokuwa bado kibaya ni kahawa yenyewe, na hilo halikuwa langu kulitengeneza. Nilisema hivyo jikoni, kwa Bupe, bila kuwaza tundu la ukuta. "Wifi, hizi tumechuma mbivu na mbichi pamoja. Naisikia mbichi kwenye ulimi, kama ndizi isiyoiva." Upande wa pili mashine ya kumenya ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Siku chache baadaye, kwenye ukuta mfupi, nilikuta kikapu. Ndani yake zilikuwa kahawa zilizochumwa punje kwa punje, zote nyekundu, hakuna hata moja ya kijani. Baada ya hapo, bila neno, vilianza kufuatana: kahawa iliyomenywa na kulowekwa, ikaoshwa mpaka maji yakawa meupe, kisha iliyokauka vizuri, imekusanywa chanjani kabla ya ukungu wa jioni, kisha kitambaa safi cha kuihifadhia, mbali na moshi. Nami nilirudisha bilauri iliyofunikwa. Mara ilirudi nusu. Mara ilirudi robo. Julai nzima tulizungumza hivyo, Baba na mimi, na sidhani kama nimewahi kuzungumza na mtu kwa makini zaidi. Ningekuwa na ruhusa ya kukaa naye mezani, labda ningemweleza yote kwa siku moja, akaitikia kwa adabu, akasahau. Ukuta ulitulazimisha kusubiriana.

Mwezi wa nane nikaunguza mkono. Birika liliteleza, maji yakanimwagikia kuanzia kifundo mpaka kwenye vidole, na hospitali ya Makandana wakanifunga bandeji nene. Ilikuwa ndiyo wiki ambayo kahawa ya mistari yangu sita ilikuwa tayari kwa mara ya kwanza, kahawa ya kivulini, nami siwezi kubonyeza kitu. Bupe alijaribu akaishia njiani. "Mimi mikono yangu ni ya chaki," akasema. "Hii kitu inataka mtu wa kukamua ng'ombe." Ndipo sauti ikaja kupitia tundu la ukuta. "Bupe. Hiyo pampu ipitishe huku."

Tulitazamana. Bupe aliijaza upya kahawa na maji ya moto, akaifunga kitambaani akaipitisha tunduni kama anayepitisha mtoto, na bilauri ikafuata. Nikasimama nimeegemea ukuta, mgongo wangu kwenye matofali, nikajua kwamba upande wa pili naye amesimama, na kati yetu ni tofali moja. Desturi hairuhusu kumwambia moja kwa moja, basi nikamwambia Bupe, kwa sauti ya kutosha watu wawili. "Wifi, mwambie Baba abonyeze mara nne, polepole, kisha aache."

"Baba, anasema mara nne, polepole, uache."

"Nimesikia. Nimeacha. Muulize nasubiri nini."

"Wifi, mwambie anaisubiri ilowane. Kahawa kavu ikisukumwa ghafla inapasuka njia, maji yote yanapita pale palipopasuka."

"Kama mfereji," sauti ikasema.

"Mwambie ndiyo, kama mfereji."

Kengele ya shule ikalia ng'ambo, na Bupe, aliyekuwa na kipindi cha mchana, akachukua daftari zake akaondoka mbio. Nilimwona akipita mlangoni. Baba naye lazima alisikia viatu vyake. Tukabaki wawili. Nilidhani pampu itarudi tunduni na mambo yameishia hapo. Kisha nikasikia kikohozi. "Bupe," akasema Baba, kwa sauti ileile, "muulize mwenzio sasa nasukuma kwa nguvu gani."

Nikageukia meza ambayo Bupe alikuwa ameiacha. "Wifi," nikaiambia meza, "mwambie Baba asukume kama anavyozungusha mashine yake. Mwendo mmoja, asikimbie."

"Bupe, mwambie inakuwa ngumu."

"Wifi, mwambie ikiwa ngumu ndiyo nzuri."

"Hilo," akasema, "mwambie ningeambiwa zamani, nisingehangaika kutafuta kilicho laini." Nikauma ukingo wa khanga nisicheke. Nikasikia matone, kisha mchirizi mwembamba kwenye kioo. Kisha nikamsikia akinywa. Tama moja. La pili. Kuku wawili waliingia jikoni, wakanichunguza, wakatoka. "Bupe," akasema mwishowe, "hii ni ya shamba gani?"

"Wifi, mwambie Baba ni ya mistari sita nyuma ya jiko."

Bilauri ilirudishwa kwenye tundu, tupu kabisa, imegeuzwa chini juu. Bupe aliporudi jioni nilimweleza, naye akalalamika mwaka mzima kwamba amewahi kutumwa mahali asipokuwepo, akafanya kazi nzuri, na hakuna aliyemshukuru.

Lakini ukweli ni kwamba bilauri tupu haing'oi neno la mzee. Oktoba Lusajo alikuja likizo na gari la miche ya parachichi, akaipanga kivulini chini ya ile mistari yangu, kwa kuwa ndipo penye kivuli kizuri. Alifurahi, nami nilifurahi kumwona, na sikumwambia kitu. Sikutaka kumfanya achague. Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, walikuja vijana wanne na majembe na mashoka, wakaanzia bondeni. Asiyewahi kusikia mbuni wa miaka mingi ukikatwa hajui sauti yake. Ni sauti kavu, fupi, halafu mizizi inalalamika. Kila siku ilinisogelea. Nilipika chakula cha vijana, nikasonga ugali, nikahesabu kwa masikio: sasa wako kwenye mkuyu, sasa wako kwenye njia ya maji, sasa wamefika kwenye migomba. Katika siku hizohizo ndipo kile kijiko cheusi kilipopotea. Nilikitafuta kila mahali. Nilimwambia Bupe kwamba hata panya wa nyumba hii wanajua kahawa inaisha, wanachukua kumbukumbu.

Asubuhi ambayo vijana walitakiwa kutoka bondeni kuja kung'oa huku nyuma, niliamka na ukungu mzito, mlima Rungwe hauonekani, hata ukuta mfupi unaonekana nusu. Nikasikia kikohozi nikiwa bado sijawasha moto. Nikashangaa, kwa sababu sikuwa nimeweka chochote ukutani. Kisha kikaja kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kijiko kikigonga kisosi, mara hii kuniita mimi. Nikajifunga khanga, nikasubiri buti ziondoke kuelekea bandani, nikatoka. Juu ya ukuta ilikuwepo bilauri ndogo, imefunikwa kwa kisosi, na pembeni yake pampu yangu, imeoshwa, imekaushwa, imelazwa kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeiacha rafuni usiku. Kumbe Bupe aliichukua kwa siri. Bilauri ilikuwa ya moto. Kwa mikono yake, mtu niliyekuwa namwogopa alikuwa amenipikia kahawa.

Niliingia nayo jikoni, nikakaa kwenye kigoda changu, nikanywa. Ilikuwa mbaya. Nisiseme uongo kwa sababu marehemu ameshalala. Ilikuwa nyeusi, nzito kupita kiasi, chungu kiasi kwamba masikio yangu yalisikia. Nilielewa papo hapo kosa lilipo: alikuwa amejaza kijiko, nisichojua bado ni kipi, kwa kilima. Kwa Baba, kusawazisha kipimo kwa kisu ni tabia ya dukani. Anayempa mtu kitu cha nyumbani humwekea na nyongeza. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kumenya haikuzunguka. Alikuwa amesimama pale, anasubiri, kama mimi nilivyosubiri miezi yote ile. Nikanywa mpaka tone la mwisho. Nikaigeuza bilauri chini juu, nikagongesha kwenye tundu ili asikie, nikasema kwa sauti, ingawa Bupe alikuwa bado amelala: "Wifi, mwambie mwenye dawa kwamba mgonjwa amepona."

Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, kama cha kijana, na kilimshika mpaka akakohoa kikohozi cha kweli, si kile cha kunionya. Alipopata pumzi, vijana walikuwa wanafika na mashoka mabegani. Nilimsikia akitoka bandani kuwapokea. "Ndaga, wanangu," akawaambia, yaani asanteni. "Majembe chukueni, hii miche ikapandwe kule bondeni palipo wazi. Mashoka tumemaliza. Huku nyuma si kwangu." Mmoja akauliza ni kwa nani basi. Baba hakumjibu yeye. Aliinua sauti kidogo, akiielekeza jikoni. "Bupe, mwambie mkwe wangu ile mistari aipalilie mwenyewe. Magoti yangu yameishia hapa."

Mistari hiyo ipo mpaka leo. Sisi tulihamia Makandana, lakini kila msimu narudi Mpuguso kuichuma, na kahawa yake ndiyo niuzayo. Pampu nayo ipo. Mpira wake wa kuzuia maji umebadilishwa mara nyingi, na kitufe chake kimeng'aa kwa vidole. Baba alikuwa akinywa bilauri moja kila asubuhi niliyokuwepo, na hatukuwahi kuonana uso kwa uso mpaka alipofariki. Watu huniuliza kama halikunisikitisha hilo. Nawaambia ukweli: nilimjua.

Siku ile ya kugawa vitu, Bupe alinikumbusha kwamba sufuria zinasubiri, kisha yeye mwenyewe akachochea moto na kuweka birika. Nikasaga, nikapasha pampu, nikachota kahawa kwa kijiko cheusi kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Mkono ukanyanyua kisu kusawazisha, kama ninavyofundisha watu wote. Nikakiweka kisu chini. Nikakijaza kwa kilima, nikashindilia. Bupe alikunywa tama la kwanza, akakunja uso mzima. "Wifi," akasema, "hii ni mbaya." Nikamwambia najua. Tukanywa yote, tukageuza bilauri chini juu, tukarudi kwenye sufuria.